Vikaratasi Vinavyokohoa

Saa tatu na robo asubuhi Fundi Wino alijaza katriji ya printa kwa bomba la sindano. Wino wenyewe ulikuwa chembe za madini ya fedha, ndogo kiasi kwamba vumbi mbele yake ni kokoto. Huchapwa kwenye karatasi, hukaushwa kwa pasi, na kikaratasi kikichovywa kwenye maji yenye sumu hugeuka kutoka njano kuwa kijivu. Ndiyo kazi yake pale maabara ya Idara ya Maji, na aliijua barabara.

Wiki hiyo karatasi maalumu ziliisha. Mkuu wa maabara, mtu asiyetaka kusumbuliwa kabla ya chai, alisema karatasi ni karatasi.

"Stoo imejaa barua za malalamiko. Chapa mgongoni."

Fundi Wino akachapa. Bosi kasema, wewe nani?

Kikaratasi cha kwanza alikichovya kwenye maji ya bomba la mtaa ulio chini ya kiwanda cha rangi. Kikawa kijivu, kikakohoa. Cha pili kikakohoa kizee. Cha tatu kikaanza na chafya. Kufika saa sita maabara nzima ilikuwa ikikohoa kama wadi ya kifua, na mfagizi alifungua madirisha huku akinung'unika kwamba lawama za vumbi zitamwangukia yeye.

Cha kumi na saba kilikohoa mara mbili, kikanyamaza, kisha kikatoa kikohozi kimoja kidogo cha kuomba radhi. Fundi Wino akaweka kibano chini. Aliyekohoa hivyo duniani alikuwa mama yake tu, na walimzika mwaka juzi. Akakigeuza. Mwandiko ni wake: "Kwa mara ya tisa nawaandikia, maji ya mtaa wetu..." Palipobaki pameunguzwa na pasi. Jamani, uchungu uliomshika! Barua tisa, na stoo ile alipita mlangoni pake kila siku.

Akakipeleka kwa Mkuu. "Bomba lile lifungwe leo. Baba yangu bado anakunywa pale."

Mkuu alikisikiliza kwa makini, kichwa upande.

"Pole sana," alisema. "Huyu mama amechoka."

Akavitilia sahihi vikaratasi vyote likizo ya ugonjwa, akaagiza vilowekwe kwenye maji safi ya chupa hadi vipone. Alhamisi vilikuwa vya njano tena, kimya kabisa, isipokuwa kimoja. Mkuu akaandika ripoti kwamba vipimo vyote vimerudi vizuri, ila kimoja kibovu, na maji ni salama.

Kile kibovu Fundi Wino alikwenda nacho nyumbani. Baba yake alikuwa akipika chai. Alipokiweka kwenye sahani, kikakohoa.

"Kumbe umekuja na mama yako," Baba alisema. "Si ungesema mapema, niongeze maji."

"Baba, maji haya yana sumu."

"Najua, mwanangu. Nani unadhani alikuwa akimnunulia bahasha?" Akaongeza kikombe kimoja cha maji sufuriani. "Umekuja na mengine?"

Hakuja na mengine. Baba akamimina vikombe vitatu, kimoja akakisogeza karibu na sahani. Mama akakohoa mara mbili, akanyamaza, akaomba radhi. Wakanywa kabla haijapoa.