Duka Iko Vazi

Ninapiga pasi sari ya Ba, marehemu mama mkwe wangu, na usingizi unanishika nikiwa nimesimama. Si kawaida yangu. Mimi silali mchana, na hata usiku nalala kwa sababu gizani hakuna kazi nyingine ya kufanya. Lakini leo chakula kimekuwa kizito, jua la Tanga limeegemea dirishani, televisheni inaongea peke yake sebuleni, na kwenye kiti pembeni yangu imelazwa suti ya kijivu inayosubiri zamu yake ya pasi, na mimi naitazama ile suti kama ninavyomtazama mgeni ambaye bado hajasema shida yake. Imeletwa asubuhi na Bwana Mlinga wa kituo cha televisheni, ndani ya mfuko wenye zipu, zawadi kwa mwanangu Bhavin. Saa kumi gari lao linakuja kumchukua, akiwa ndani ya suti, akaanze kipindi kipya, kipindi cha heshima, Kiswahili sanifu, bila sari, bila lafudhi, bila Bibi Vazi, mhusika aliyempa jina nchi nzima. Bwana Mlinga amekunywa chai yangu, amesifu tangawizi, kisha akaniambia, mama, najua hata wewe hukupenda kijana wako avae kike na kuchekesha watu kwa Kiswahili kibovu cha Kihindi. Ni kweli sikupenda. Nimelisema hilo kwenye harusi za watu, nimelisema kwenye simu, nimewaambia majirani ambao hawakuuliza. Na hapo ndipo shaka imeniingia, kwa sababu tangu Bhavin aanze kuwatania wakubwa hakuna mtu wa kituo kile aliyewahi kukubaliana nami kwa lolote, na leo wananikubalia kwa adabu na mfuko wa zipu. Nilisomea ununuzi na ugavi, nina diploma, nimezeekea bohari nikikagua mizigo. Mzigo ambao hukuuagiza huupokei kabla hujaugeuza chini juu. Bhavin naye amesema, Mami, nitafanya utakavyosema wewe, akatoka kwenda kwa kinyozi. Basi naegemea meza, nawaza nimwambie nini, mvuke wa pasi unanipanda usoni, naisukuma pasi mbele na sari haiishi, naifuata, naisukuma tena, meza haipo, sakafu haipo, niko njiani, na njia yenyewe ni kitambaa cha kijani chenye upindo wa zambarau pande zote mbili, kimenyooka mpaka macho yanapogota.

Wazo langu la kwanza ni, pasi nimeizima? Naiangalia mkononi. Ipo, waya wake unaburuzika nyuma yangu bila kuchomekwa popote, na bado ni ya moto. Silipendi jambo hilo. Mbele yangu amesimama mtu aliyevaa shati zuri, zuri kweli, mshono wa mkono, vifungo vya kufanana, ila juu ya kola hana sura. Mahali pa sura ni laini tupu, kama kitambaa cha bafta ambacho hakijafuliwa. Karibu mama, anasema, sijui kwa mdomo gani, mlango uko vazi. Namwambia, unataka kusema wazi. Anasema, nasema ninachosema. Namkata jicho, kwa sababu kosa hilo lina mwenyewe nami namjua. Ba alikuwa na duka la nguo Ngamiani, na ulimi wake haukuwahi kuikubali herufi w. Kila asubuhi akisukuma milango anawapigia kelele wapita njia, duka iko vazi, karibu, duka iko vazi. Watu wanacheka, wanaingia. Na kwa kuwa duka lenyewe lilikuwa la mavazi, hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba amekosea. Mimi niliolewa pale na diploma yangu bado ina joto, nikamwambia, Ba, sema wazi. Akanitazama vizuri, akasema, vazi. Kisha akanigeuzia mgongo kukunja jora la marekani, na nikaona mabega yake yanatikisika. Mpaka leo sijui alikuwa anakohoa au anafanya nini.

Namuuliza yule asiye na sura tunakwenda wapi. Anapoishi mwanao, anasema. Mwanangu anaishi kwangu, namwambia, chumba cha uani. Huko analala tu, mama. Tunatembea, na kitambaa chini ya miguu kinapinda bila kona, na mji unatufikia badala ya sisi kuufikia, mji ambao kuta zake zote ni vioo. Najitafuta humo sijioni. Ninamwona Bhavin, mdogo, siku ya wazazi shuleni, amejiviringisha sari hii hii iliyomzidi mara mbili, anamwambia mwalimu mkuu mbele ya kila mtu, mvalimu, chakula ya shule iko vazi au iko nusu uchi? Ukumbi unaanguka. Kwenye kioo kinachofuata amekua kidogo, ni Diwali, ukumbi wa jumuiya, wajomba wanapiga meza na shangazi zake wanafuta machozi kwa pindo za sari zao. Kioo kingine ni kamera ya kwanza, kipindi kifupi cha jioni, dakika za kujazia kabla ya taarifa ya habari, na watu wanaanza kuwasha televisheni mapema kwa ajili ya zile dakika. Katika kila kioo nyuma kabisa yuko mwanamke amekunja mikono, kanuna. Huyo namjua. Namuuliza kiongozi kwa nini yule mwanamke yupo kila mahali kama hapendi. Ananijibu, anakuja kuhakikisha hapendi. Namwambia sikuomba kitendawili, nimeuliza swali. Anainama kidogo, kwa heshima, na heshima yake nayo siiamini, imepigwa pasi mno.

Mji unajikunja, unafunguka tena, na sasa kuta ni televisheni, mtaa mzima, na katika zote Bibi Vazi amekaa kwenye duka lake la mbao na karatasi ndani ya studio, miwani puani, mkasi shingoni, na Mheshimiwa mmoja, mwigizaji mwenye kitambi cha mto, amekuja kununua kitambaa. Kipindi hiki nakikumbuka. Mheshimiwa anasema, Bibi, serikali yetu ni ya uwazi. Bibi Vazi anasema, ya uvazi, najua baba, mimi nimeipima. Anavuta kitambaa, anapima, anashusha miwani. Iko taabu, anasema. Nikifunika barabara, hospitali iko nje. Nikifunika hospitali, shule iko nje. Nikifunika kitambi ya Mheshimiwa, basi, jora imekwisha. Mtaa mzima unacheka, na mimi nasikiliza kile kicheko kama ninavyosikiliza mzigo ukitikiswa. Ni cha kweli. Hakilingani. Kuna anayechelewa, kuna mwanamke anayepiga paja, kuna mzee anayekohoa katikati na kumharibia jirani. Baada ya kipindi kile ndipo simu zilipoanza, watu wapole, sauti za chini, wakiuliza Bhavin anaendeleaje na afya. Nikawajibu ana afya ya farasi na nikawauliza majina. Hawakuwa nayo.

Twende mbele kidogo, anasema kiongozi. Sitaki, naenda. Mtaa unaofuata ni uleule, nyumba zilezile, televisheni zilezile, ila taa nzuri zaidi, na katika zote Bhavin amevaa suti ya kijivu. Anasimama vizuri. Kiswahili chake kimenyooka, kila w mahali pake, ningekuwa mwalimu ningempa alama zote. Anatania foleni. Anatania mvua. Anatania wake wanaopenda kwenda saluni, kisha anatania Wahindi kwa ubahili, na watu wanacheka, na yule mzee anakohoa. Anasema jambo la jua kali, wanacheka, mzee anakohoa. Namwambia kiongozi, subiri. Nafunga macho. Anasema jambo jingine, mwanamke anapiga paja, mzee anakohoa, palepale, kikohozi kilekile. Hiki ni kicheko kimoja, namwambia, mnakikata vipande kama kitenge. Wako wapi watu? Anasema, wako nyumbani, mama, wamestarehe, hawajaudhiwa na kitu. Kando ya Bhavin amesimama mtu wa kumpaka poda, na kila mzaha ukiisha anampapasa usoni kwa sifongo, taratibu, kwa upendo kabisa, na sifongo ikiondoka kuna kitu kinaondoka nayo. Nyusi zimekwenda. Mikunjo ya kando ya mdomo, aliyorithi kwa baba yake, imekwenda. Limebaki doa la kuzaliwa kwenye kidevu, lile dogo la kahawia nililolibusu kabla sijampa jina, na sifongo inalizunguka. Nasema poda inatosha. Hakuna anayenisikia. Nani kamkataza kusema yale ya zamani, namuuliza kiongozi. Hakuna aliyemkataza, anasema. Anaulizwa tu, kila asubuhi, kama ana haja ya kuyasema.

Na wewe ulikuwa nani, namuuliza. Anaigusa kola yake. Nilichekesha sana, mama, anasema. Nilikuwa naigiza mkuu wa wilaya, watu walikuwa wanaanguka vitini. Mimi nilipewa shati. Basi nafanya ninachofanya kwa kila nguo kabla sijaipokea, namshika kola naigeuza nione ndani. Ndani, kwenye bitana, iko sura. Imekunjwa vizuri, nyusi juu ya nyusi, pua imelazwa ubavu, na kicheko kikubwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi ileile ili kisionekane. Naachia kola. Naishika pasi kwa mikono miwili. Mwanangu yuko wapi, si kwenye hivi vioo, yeye mwenyewe. Kiongozi ananyoosha mkono. Yuko humo, anasema, mlango uko wazi.

Wazi. Amesema wazi, sawasawa, kama mtangazaji. Na kweli mlango upo, mpana, una taa, una zulia, hauna hata mlinzi. Mguu wangu mmoja umeshainuka. Lakini mtu anayebadilisha matamshi katikati ya safari ana lake jambo, na mimi nautazama ule mlango, naona jinsi ulivyo rahisi, nauteremsha mguu. Pembeni yake ukutani, mahali pasipo na mlango wowote, imetundikwa sari ya kijani yenye upindo wa zambarau. Kiongozi anasema, huko hakuna kitu, mama. Namwambia, wewe kaa na shati lako. Naisukuma sari kwa bega, na ukuta nyuma yake haupo, kuna harufu ya nguo mpya na uvumba, na Ba ameketi nyuma ya meza yake anapima bafta kwa mkono, kutoka puani mpaka ncha ya vidole, kama alivyopima siku zote, na hanyanyui macho. Hansa, anasema, veve nachelewa. Nina mambo mengi ya kumwambia na linalonitoka ni moja. Ba, namuuliza, ulikuwa unajua? Wazi na vazi, ulikuwa unajua? Anaendelea kupima. Duka iko wazi ziko nyingi hapa mtaa, anasema, na w imemtoka bila kasoro. Vatu napita. Duka iko vazi iko moja. Namwambia, walikuwa wanakucheka. Vanacheka, anasema, mdomo iko fungua. Hapo ndiyo mimi naveka neno. Anakata kitambaa kwa meno, mabega yake yanatikisika, na sasa naona vizuri kwamba hakohoi. Kisha anainua pua. Hansa. Iko kitu naungua.

Naungua kweli, au kitu kinaungua, moshi uko puani na mimi nimesimama jikoni kwangu, jua limehama dirishani. Chini ya pasi iko suti. Nakumbuka vizuri kabisa kwamba nilikuwa napiga pasi sari na suti ilikuwa kitini, lakini suti iko mezani, na kifuani kwake, upande wa moyo, kuna alama nyeusi yenye umbo la pasi, na sari iko begani kwangu. Nachomoa waya. Sebuleni televisheni inacheka, mtu anakohoa, inacheka tena, naenda kuizima kabla sijasikia kama atakohoa palepale. Narudi, naligeuza koti. Bitana ni ya kijivu, laini, safi, hakuna sura yoyote, mimi mwenyewe nataka kujicheka. Ila chini kwenye pindo liko doa dogo la kahawia. Nalikwaruza kwa ukucha. Halitoki. Inaweza kuwa pasi. Pasi huacha madoa ya namna hiyo.

Gari linapiga honi nje. Mlango wa uani unafunguliwa na Bhavin amesimama, mwanga wote uko nyuma yake, naona mabega na masikio tu. Mami, anasema, suti iko tayari? Namwambia, imeungua. Ananusa hewa. Mami, wewe umeunguza nguo? Nimeandaa maneno ya kumweleza, ya maana, yaliyopangwa, kuhusu kicheko na kikohozi na mzigo usioagizwa, na ulimi wangu, ambao haujawahi kukosea w hata moja tangu shule ya msingi, unasema, ingia, mlango uko vazi. Anasimama vilevile. Kisha anacheka, na kicheko chake kinaanza kwa kwikwi kama kilivyoanza tangu akiwa mtoto, na ananyoosha mkono kuelekea begani kwangu. Namvisha mwenyewe. Mikunjo mbele, pindo juu ya bega, pini mbili kwa sababu yeye hutembea kama askari. Wakikataa kunipeleka nikiwa hivi, anasema, watajua wao. Najibu, watajua. Anatoa kichwa dirishani na kumwita dereva kwa sauti ya marehemu, derava, gari yako iko vazi, au mimi naleta kitambaa? Dereva huko nje anacheka hovyo, kwa kuchelewa, anagonga honi bila kutaka. Hicho ni kicheko cha kweli. Namshika Bhavin kidevu, namgeuzia kwenye mwanga, kama ninavyokagua kitambaa kabla hakijatoka bohari. Nyusi zipo. Mikunjo ya baba yake ipo. Kwenye kidevu, palepale penye doa la kuzaliwa, iko plasta. Kinyozi amenikata, Mami, anasema, padogo tu, acha, itauma. Nashika ncha ya plasta kwa ukucha. Na sebuleni, kwenye televisheni niliyoizima kwa mkono wangu, mtu anakohoa.