Alama za Mama Rebeccah

Jumanne saa nne asubuhi, mashine ya kusoma vidole ilimkataa Mama Rebeccah Moraa kwa mara ya tano. Alikuwa amechuma majani chai Kericho miaka arobaini na moja, na vidole vyake vilikuwa vimelika mistari yote, laini kama kijiko. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha wazee wapate pesa ya serikali ya kila mwezi. Asipoingia leo, basi tena.

Joan Cheruto, ofisa wa ustawi wa jamii, alikuwa amebakisha wiki moja astaafu. Jamani, huyu Joan alikuwa amezunguka mashamba haya miaka thelathini akiandika ripoti kuhusu wachumaji waliotoka mbali, na kila ripoti ilisifiwa, kisha ikafungiwa kabatini. Sasa fomu ilimtaka aseme kwa nini vidole havisomeki. Palikuwa na jibu moja tu la kuchagua: "Mwombaji amekataa kushirikiana."

"Hiyo siweki," Joan alisema. "Mama, alama zako uliziacha wapi?"

"Si ni kwa majani, mwanangu? Shamba namba tisa."

Wakaenda huko na mashine. Alama zilikuwepo kweli, mistari ya kidole gumba juu ya kila jani changa, safi kabisa.

"Safu ile ingine ni ya Jentrix, tuliyechuma naye," Rebeccah alisema. "Alikufa kabla hajaandikishwa. Huyo alikuwa na mkono mwepesi!"

Kipkurui, nyapara wa shamba, alifika na gambuti zake. Alitazama jani, akasema majani yamekuwa yakiota hivyo tangu aanze kazi, na kiwandani mistari huisha yakikaushwa.

Joan alichuma jani moja, akaliweka juu ya mashine. Ikalia. Jina la Rebeccah likatokea, na la baba yake, na kijiji cha Kisii alikotoka akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Rebeccah alilia huku akicheka. "Asante Yesu! Mwanangu, ubarikiwe mpaka vitukuu!" Joan naye alishukuru, haki. Miaka thelathini, na leo mtu mmoja ameingia.

"Kila mwezi akichukua pesa, mashine itataka jani jipya," Joan alimwambia Kipkurui.

"Aje tu, lakini aliombe kwa geti. Si mfanyakazi tena, haruhusiwi ndani. Na hilo jani lirudi, ni la kampuni."

Rebeccah alisema asante. Akalitia jani kwenye kikapu cha mchumaji aliyekuwa karibu, nalo likapelekwa kwa mizani pamoja na mengine.