Ndevu za Upande Mmoja

Kwa miezi kumi na moja simu ya Kinyozi ilitoa mlio ule mara moja tu kwa mwezi: Jumatatu ya kwanza, saa nne asubuhi, na kila mara yalikuwa majaribio. Mlio wenyewe ulikuwa kitu kati ya king'ora na bata aliyekanyagwa. Wateja wakishtuka kitini, Kinyozi anawatuliza. "Ni programu ya wajitoleaji. Mtu akianguka hapa jirani, moyo umesimama, wanaopokea simu za dharura wanamwita aliye karibu." Kisha anabonyeza "Nimesikia" na kuendelea na kichwa alichokuwa nacho.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, hakuchoka kumchokoza.

"Shem, huyo mgonjwa wako atakuja lini? Mwaka mzima umemkalia mkao wa kula."

Kinyozi alimwachia tu. Alijua utani ule unatoka wapi. Miaka miwili nyuma, baba yake Shemeji alianguka sebuleni akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Aliyekuwa naye ni Shemeji peke yake. Gari la wagonjwa lilipofika, hapakuwa tena na la kufanya. Tangu hapo ukiligusa jambo lile Shemeji anakutupia mzaha, na ukiligusa mara ya pili anakumbuka ana safari. Kinyozi alipokwenda kwenye mafunzo alimwalika waende wote, wakajifunze kubonyeza kifua cha mdoli wa plastiki. Shemeji akasema yeye na midoli waliachana akiwa na miaka sita, na hataki kuanza upya.

Sasa ilikuwa Jumanne, na Shemeji alikuwa kitini, kitambaa cha kunyolea shingoni, uso mzima povu. Amepata kazi ya kuendesha basi la shule, na saa nne na nusu alitakiwa apigwe picha ya kitambulisho.

"Nitoe ndevu zote," alisema. "Nionekane mtu wa kuachiwa watoto."

"Mimi nanyoa tu, Shem. Miujiza wanafanya wengine."

Shavu la kushoto lilikuwa limeshamalizika, linang'aa kama sahani. Kinyozi alikuwa anahamia la kulia pale bata alipokanyagwa.

"Leo si Jumatatu," alisema Shemeji.

Kinyozi alifuta kidole akasoma. Mtu mzima, hapumui. Karakana ya makochi, nyuma ya duka la dawa, mita mia mbili na arobaini. Mjitoleaji mwingine aliye karibu: dakika tisa. Chini kabisa, alama ya kijani: mashine ya kushtua moyo, maktaba, mita mia tatu na kumi. Karakana iko kushoto, maktaba iko kulia. Akabonyeza "Nakuja".

"Shem, kimbia maktaba. Ukutani, ukiingia tu, kuna kisanduku cha kijani. Kilete karakana ya makochi."

"Na povu hili?"

"Na povu hilo."

Alitoka bila kufunga mlango, na kwa mara ya kwanza maishani hakugeuka kuangalia kama Shemeji anamcheka.

Fundi wa makochi alikuwa amelazwa kwenye kochi la watu watatu, jipya, bado lina nailoni. Mkewe alikuwa amepiga magoti pembeni, anambonyeza kifua kwa nguvu zake zote, na kila akibonyeza mumewe anazama, anapanda, anazama tena, kama yuko kwenye mtumbwi. Simu ilikuwa wazi kwenye mkono wa kochi, na sauti ya dada wa dharura ikitoka humo, pole lakini haibanduki.

"Mama, umeshamshusha sakafuni?"

"Yuko pazuri," mama alijibu, anahema.

"Mama, nakuomba, sakafuni."

"Sakafu ni saruji tupu, mwanangu, na ina misumari."

Kinyozi aliingia. "Mama, mimi ni kinyozi wa pale mbele. Nimetumwa na hao hao wa kwenye simu." Aliinama akamtazama Fundi. Uso ulikuwa rangi ya majivu, na kooni ukisikika mkoromo mmoja, kimya kirefu, kisha mwingine. Mafunzoni waliambiwa: huko si kupumua. "Tumshushe."

"Nimlaze chini mume wangu, kama gunia?"

"Hapa ukibonyeza, zinazobonyea ni springi, kifua kinabaki vilevile. Kochi lake ni zuri mno, mama. Hilo ndilo tatizo."

Mama alilitazama lile kochi kana kwamba limemsaliti. Halafu akafagia misumari kwa mguu, mara mbili, akashika miguu ya mumewe.

Sakafuni mambo yalibadilika. Kifua kilishuka na kurudi, kilishuka na kurudi, na Kinyozi akahesabu kwa sauti ili asiwaze. Alikuwa na mikono ya kazi laini, mikono ya wembe na brashi, na kufikia mia mbili mabega yalikuwa yanawaka. Mdoli wa mafunzoni hakuwa na mke anayekushikia kola ya shati. Huyu alikuwa naye.

Mlangoni wakaingia watu wawili wameshikana kisanduku kimoja. Mmoja ni Shemeji, kitambaa kinapepea mgongoni, povu limekauka upande mmoja wa uso. Mwingine ni mlinzi wa maktaba, ameng'ang'ania mpini wa upande wa pili.

"Kasema hana kadi," mlinzi alieleza, akihema. "Maktaba kitu hakitoki bila kadi. Ndiyo nimekuja nacho mwenyewe."

"Umefanya vizuri. Kifungue."

Mashine ikaanza kuongea, sauti ya mtu asiye na haraka na lolote. Mama alipasua shati kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Na hapo ikatokea shida nyingine: kifua cha Fundi kilikuwa na nywele kama zulia la sebuleni. Kibandiko hakishiki. Ndani ya kisanduku, kwenye mfuko mdogo, kulikuwa na wembe. Waliokitengeneza walishawaza watu kama huyu.

Wa kunyoa alikuwepo. Ila mikono yake ilikuwa kwenye kubonyeza.

"Shem, njoo hapa."

Shemeji hakusogea. Mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni, na bila huo alifanana na baba yake mpaka Kinyozi akataka kutazama pembeni.

"Siwezi. Unajua siwezi."

"Najua. Piga magoti. Kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake. Fuata mwendo wangu, usiache mpaka nikuambie."

Shemeji alipiga magoti. Mara ya kwanza alibonyeza kama anayejaribu unga wa maandazi, umeumuka au bado. "Zaidi," alisema Kinyozi. Mara ya tano kilishuka sawasawa. Shemeji akaanza kuhesabu, sauti inakwama kwenye tano, inapita, haikwami tena.

Kinyozi alinyoa. Hakupaka povu, hakumuuliza mteja anapenda mtindo gani. Kiwanja kimoja chini ya bega la kulia, kingine ubavuni kushoto. Vibandiko vikashika.

"Msimguse mgonjwa," ilisema mashine.

Wote wakainua mikono. Mlinzi naye akainua, ingawa alikuwa karibu na mlango. Fundi akashtuka mwili mzima. Mashine ikasema waendelee, lakini Shemeji alikuwa ameshaanza kuhesabu upya. Baada ya mshtuo wa pili, alipofika ishirini na mbili, mkono wa Fundi ulipanda polepole ukamsukuma kwenye shavu, lile lenye povu.

"Ananisukuma," alisema Shemeji.

"Basi acha, Shem. Amekataa mwenyewe."

Wahudumu wa gari la wagonjwa walimbeba akiwa anapumua, mama pembeni, viatu tofauti miguuni. Mmoja aliuliza nani alikuwa anabonyeza. Shemeji akanyoosha kidole juu, kama darasani.

Walirudi kibandani. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Kinyozi alishika wembe, akautazama unavyotetemeka, akauweka chini.

"Nipe nusu saa."

"Mpiga picha hana nusu saa." Shemeji alinawa povu. Upande mmoja mtu wa kuachiwa watoto, upande wa pili mtu wa kufichwa watoto. Hakuondoka. Alikaa akiutazama mkono wa kiti.

"Baba hakufia sakafuni," alisema. "Mimi ndiye niliyemwinua nikamlaza kwenye kochi. Nikamwekea na mto. Nilitaka astarehe."

Kinyozi alikaa kwenye benchi la wateja. "Umemwona yule mama?"

"Nimemwona."

"Anampenda mumewe?"

Shemeji alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akaenda kupigwa picha.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa pili baada ya hapo, Fundi wa makochi aliingia kibandani kwa miguu yake, amepungua, shati limefunguliwa vifungo viwili.

"Nani amefanya kazi hii? Nimeamka hospitali kifua kina viwanja viwili."

"Ulikuja bila miadi," alisema Kinyozi.

Fundi alikaa, akakidunda kiti kwa kiganja. "Sponji imekufa hii. Niletee nikutilie springi."

"Tia. Ila zisizidi."

Shemeji alikuwa kwenye benchi, kitambulisho shingoni: nusu ndevu, nusu sahani. Ofisini walimwambia picha nyingine ni mwakani, na watoto wa kwenye basi walishampa jina, Bwana Nusu. Alionekana hana haraka ya kulibadilisha.

Saa nne kamili bata akakanyagwa. Kinyozi alibonyeza "Nimesikia". Bata wa pili akalia kwenye mfuko wa suruali ya Shemeji. Akaitoa simu, akabonyeza, akairudisha, akaendelea kusoma gazeti la juzi.

Fundi aliwatazama wote wawili kwenye kioo. "Mmoja angetosha. Leo sijambo."

"Tuliza kichwa," alisema Kinyozi, na wembe mkononi mwake haukutikisika.