Kivuli cha Kilima Kipara

Haya nimeyapata kwa wifi yangu, mpika chai wa ofisi ya misitu, siku tuliyokuwa tukianua nguo mvua ikitunyemelea. Mume wake ndiye mlinzi wa kile kilima nyuma ya ofisi. Watu humwita Kamba, kwa kuwa haachi kamba yake ya kupimia, hata msibani anakwenda nayo.

Kilima kilikuwa kipara. Miaka mitatu mfululizo serikali ilitoa fedha kipandwe miti, swala na ndege wapate pa kukaa, na miaka mitatu mkuu wa ofisi aliandika kwamba imepandwa. Fedha zilikwenda zilikokwenda. Kamba alibaki na swala kumi na mmoja, wamekonda hadi mbavu zinahesabika, na pipa la maji alilokuwa akiwapandishia mwenyewe kwa toroli.

Kisha ikaja barua. Mkaguzi angefika Alhamisi. Kilima kisipokuwa na kivuli nusu yake saa sita mchana, si msitu tena, watapewa wavunja kokoto. Ndivyo misitu inavyopimwa: jua likiwa utosini unalaza kamba chini, unahesabu hatua za kivuli na hatua za jua.

"Baba watoto, safari hii umekwisha," wifi alimwambia.

"Sijaisha. Nitapima kilichopo."

"Kilichopo nini? Upara?"

Jumatatu saa nne asubuhi kivuli kilikuja. Miti haikuja. Kilianzia chini, karibu na choo cha ofisi, kikapanda polepole kama mtu mwenye mzigo, na ilipofika saa sita kilikuwa kimefunika kilima karibu chote. Kilikuwa kivuli kizuri, kizito, chenye vitundu vya mwanga vinavyochezacheza upepo ukivuma. Wifi alitoka kukitazama, akarudi ndani kutafuta sweta, kisha akawahi sufuria, maana chai ilitaka kufurika.

Jumanne swala walilala humo mchana kutwa. Jumatano ndege walikuja, wakatua hewani, juu kidogo ya paa la ofisi, wakaanza kujenga. Mkuu wa ofisi alifungua dirisha, akasema hewa ya leo imetulia, akaagiza kikombe cha pili.

Alhamisi mkaguzi alishuka garini, mama wa makamo mwenye miwani na fomu mkononi. Kule barabarani wavunja kokoto walikuwa wakingoja na tingatinga lao, injini inanguruma.

"Miti iko wapi, mzee wangu?"

"Haijapandwa, mama."

Mkuu wa ofisi akakohoa. "Huyu mtani sana."

Mkaguzi aliigeuza fomu mbele na nyuma, akaisoma kwa kidole. "Hapa hawakuuliza miti. Wameuliza kivuli. Haya, shika kamba."

Walipima kuanzia chini hadi kileleni, Kamba mbele, mkaguzi nyuma, wakiwaruka swala ambao hawakujisumbua kuinuka. Kileleni mkaguzi alipiga hesabu, akafunga vifungo vya koti.

"Katika kila hatua mia, kivuli tisini na nne."

"Rudia, mama, niisikie vizuri."

"Tisini na nne! Huu ni msitu, mzee. Hakuna wa kuugusa."

Wifi alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Makarani walitoka mbio, wakamwinua Kamba juujuu na kamba yake, wakamzungusha ofisi nzima. Tingatinga likageuza, likarudi lilikotoka.

Aliposhushwa chini, Kamba aliuliza, "Na zile fedha za miti, mama?"

"Hiyo ni fomu nyingine," mkaguzi alisema, akisaini. "Nayo huijaza mkuu wako."

Mkuu alipongezwa, akaongezewa vilima viwili. Mchana huohuo aliandika kwamba navyo vimepandwa.

Kamba alikwenda kuwahesabu swala wake. Walikuwa kumi na wawili; mmoja alikuwa amezaa asubuhi hiyo. Alimtazama mtoto akijaribu miguu yake, akacheka peke yake, akajinyoosha palipokuwa na ubaridi zaidi.

Wifi alimpelekea chai akamkuta amelala, mdomo wazi, ndege wakimdondoshea vijiti vya viota. Akamfunika uso kwa kanga, akaketi kumngoja aamke. Chai ilipoa. Upepo ulipita juu yao, vitundu vya mwanga vikatembea begani kwake, na usingizi ukampitia na yeye.