Mfuko wa Udongo wa Ngolo

Luisa mjukuu wangu, umewahi kumshika mtu miguu ili apate nguvu za kukuacha?

Mimi nilimshika babu yako Meinrad kiangazi kizima, mama yako Gertrude nimembeba mgongoni. Meinrad alikuwa keya, askari wa Mwingereza. Alirudi kutoka Uhabeshi kiuno kimekufa. Lori la jeshi lilipinduka naye. Tabibu wa jeshi akamfundisha zoezi, akamwambia: mgongo ukipata nguvu kabla ya mvua, urudi vitani; usipopata, utaachiwa ukae kwako.

Huku kijijini kwetu Ruanda, mwanamume hufyeka nyasi akazilaza miraba miraba mlimani. Mwanamke husimama katikati ya mraba, akachimba shimo, udongo akaurushia juu ya nyasi. Ndiyo ngolo. Mwaka ule Meinrad hakuweza kuinama, ikabidi mdogo wake, Tarsisi, atufyekee.

"Kaka, mgongo umeusahau Uhabeshi?" Tarsisi alimtania mbele za watu. "Basi shika jembe, uchimbe na wake zetu!"

Tukacheka. Meinrad naye alicheka. Jioni akachota udongo kwenye ngolo yangu, akautia kiasi kwenye mfuko wa gunia, akatandika mkeka uani.

"Nishike miguu, mama Gertrude."

Alilala kifudifudi, mfuko begani, nami nikamkalia visigino na kumshika miguu. Akainua kifua polepole, kama kenge anayechungulia jua, mishipa ya shingo imemtoka. Akashuka. Akainuka tena. Nilisikia maumivu yake yakipita mapajani mwake hadi viganjani mwangu.

Kila Jumapili baada ya misa aliongeza udongo. Na kila jioni, kabla ya kuinuka, aliuliza, "Umeshika?"

"Nimeshika."

Moyoni nilimwomba Mungu kiuno kile kigome. Mdomoni, kimya. Siku ya ndoa mama mkwe, Notburga, alinionya: safari ya mume haizuiwi kwa mdomo wa mke. Nami nilimwona Meinrad anavyojikaza, nikasema, huyu roho yake iko kambini.

Mawingu ya kwanza yalipotanda kule ziwani, Meinrad aliinuka na mfuko umejaa hadi shingoni, akakaa hivyo juu, hatetemeki. Notburga akapiga vigelegele. Mimi nikaenda jikoni kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

Asubuhi ya safari, ukungu mzito, nilimsindikiza hadi mtoni. Hakurudi, unajua, hata kaburi lake silijui liko nchi gani. Nilichobaki nacho ni mama yako, na maneno ya pale mtoni.

Alitua mzigo wake kwenye jiwe. Akamshika mtoto kisigino, akakifinyafinya. Hakunitazama.

"Mama Gertrude," alisema, "kila jioni nilipokuuliza kama umeshika, nilitaka uniachie miguu, nibaki."