Hospitali Iliyoachwa Nje ya Ripoti

Daftari la adui lilifika Brisbane, Australia, likinuka tope na damu, na hapakuwa na wa kulisoma ila Shigeto Nakaoka. Wenzake, watafsiri wa jeshi la Marekani wenye asili ya Japani kama yeye, hawakushindwa na maandishi ya chapa. Lakini mwandiko huu wa haraka, herufi zimelaliana kama majani baada ya mvua, uliwatoa jasho. Shigeto, mzaliwa wa California, alikuwa amesomea Kumamoto, Japani, kwa babu yake kabla ya vita hii ya Marekani na Japani.

"Mpeni Mjapani halisi huyo," Ben Uyeda alimtania. "Kiingereza chake ndicho cha kuombewa dua."

"Na Kijapani chako, mama yako huwa anakielewa?"

Wakacheka. Kicheko kilimkauka Shigeto alipofika ukurasa wa tisa. Karani wa jeshi la Japani alikuwa ameandika kwamba masanduku ya risasi yamefichwa kwenye bonde jembamba huko Papua, kando ya kijito, na kwamba hospitali nayo imehamia humo humo: wagonjwa mia moja na arobaini, wengi hawawezi kusimama. Shigeto alitafsiri yote mawili, akakabidhi.

Kesho yake mchana aliuona muhtasari uliopelekwa kwa wanahewa. Risasi zilikuwemo. Wagonjwa hawakuwemo.

Akamwendea mkubwa wake, Luteni Haskett. "Afande, kuna sentensi imeanguka."

"Haikuanguka. Muhtasari ni muhtasari." Luteni akashusha sauti. "Sikiliza, Shig. Wazazi wako wamezungushiwa seng'enge kambini kule Arizona, kwa asili yao tu. Usijitafutie makubwa."

"Wazazi wangu hawakuandika daftari hili, afande. Wala mimi. Mimi nimelisoma tu."

Akarudi mezani, akaipiga chapa sentensi ile peke yake, akatia sahihi, akaipeleka mwenyewe ofisi ya juu. Meja aliisoma amesimama.

"Ndege za mabomu ziliondoka alfajiri," alisema kwa upole.

Upole ule ndio uliomchoma. Angefokewa, angalau angekuwa na wa kumchukia.

Ben alimwekea chai. "Risasi zile zingewaua vijana wetu, kaka."

"Najua."

Alijua kweli, na kujua hakukumpunguzia kitu. Chai ikapoa.

Kazi hakuiacha. Ila tangu siku hiyo, kila karatasi iliyotaja wagonjwa, aliwaandika mstari wa kwanza kabisa, kabla ya bunduki. Luteni aligomba mara mbili, kisha akanyamaza.