Mashine Isiyokuwepo

Majivu yalikuwa yameanza tena kuanguka Eulalia Tinoco alipokuwa akifunga mashine nyuma ya pikapu. Yalikuwa mepesi, ya kijivu, yakitua juu ya kofia yake na juu ya turubai kama unga unaorushwa na mashine ya kusaga. Moto wenyewe ulikuwa mbali, milimani, lakini moshi ulikuwa umeshuka bondeni na kukataa kuondoka. Jua lilichomoza juu ya mashamba ya lozi likiwa jekundu, dogo, halina joto la asubuhi.

Simu ililia mfukoni. Akaisoma.

"Wanasema hewa leo ni ya kiwango chekundu, cha hatari. Watu wakae ndani."

Shemeji yake, Nabor, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, mlango wazi, akitafuna mkate wake wa mayai. Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomwinamisha mpaka magotini.

"Waambie basi watuletee na chakula humo ndani," alisema alipopata pumzi.

Nabor alikuwa mdogo wake Remigio, marehemu mume wa Eulalia. Remigio alianguka kazini miaka miwili nyuma, Agosti, kwenye bustani ya tajiri mmoja, jua likiwa utosini. Eulalia alimzika, akavaa buti zake, akachukua wateja wake. Nabor akabaki naye, akibeba mgongoni ile mashine ya petroli ya kupuliza majani, kama alivyoibeba ujana wake wote. Bomba la moshi la mashine hiyo lilikuwa karibu na sikio lake la kulia kuliko mke yeyote aliyewahi kuwa naye. Daktari alimwambia waziwazi: aiache mashine, la sivyo kifua kitamwacha yeye.

Ndiyo maana siku hiyo walikuwa na haraka. Mji wa San Bonifacio ulikuwa umeamua kupiga marufuku mashine za bustani za petroli, na serikali ikatoa ruzuku ili watunza bustani wadogo wapate za betri. Eulalia aliomba. Alihudhuria mikutano yote, akala biskuti zao, akasikiliza hotuba kuhusu mapafu ya watoto. Hatimaye akajibiwa kwamba amekubaliwa. Sharti lilikuwa moja: mashine za zamani zifikishwe dukani zikiwa zinafanya kazi, ziharibiwe hapo hapo, ndipo vocha itoke.

Dukani walipokelewa na Yesenia, msichana mnene, mchangamfu, aliyevaa aproni ya kijani.

"Iwashe mama, nikuchukue video. Lazima waione ikinguruma."

Eulalia alivuta kamba ya mashine ya kukata nyasi. Ikakohoa, ikashika. Halafu Nabor akawasha ile ya mgongoni. Uwanja wa nyuma ukajaa kelele na harufu ya petroli. Yesenia alipiga picha, akaashiria zizimwe, akachukua keekee ya umeme.

"Pole," alisema, kana kwamba alikuwa muuguzi.

Chuma kililia. Oili nyeusi ilitoka kwenye tundu la kasha la injini, ikatambaa sakafuni. Eulalia aligeuza uso. Mpini wa mashine ile ulikuwa bado na utepe wa bluu aliouzungushia Remigio kwa mikono yake. Ya mgongoni nayo ikatobolewa. Yesenia akazibandika zote mbili vibandiko vya njano vyenye namba, akazisukuma pembeni kwenye rundo.

"Haya, njooni mjaribu mpya wakati naingiza habari zenu."

Mashine mpya zilikuwa zimepangwa rafuni, safi, zina harufu ya plastiki. Nabor alivaa moja mgongoni, akabonyeza kitufe. Ikavuma taratibu, kama feni. Uso wake ulifunguka.

"Shemeji, sikia! Hainitetemeshi meno!"

"Usije ukalala nayo kazini."

"Nitalala nayo nyumbani. Wewe cheka tu. Hii ndiyo nitakayozikwa nayo."

"Nyamaza na mambo ya kuzikwa," alisema Eulalia, lakini alikuwa akicheka.

Yesenia hakuwa akicheka. Alikuwa akiitazama kompyuta. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Kisha akamwita mwenzake, naye akaja, akatazama, akaondoka akitikisa kichwa.

"Kuna nini?" Eulalia aliuliza.

"Mfuko umefungwa, mama."

"Mfuko gani?"

"Wa ruzuku. Pesa zimekwisha. Zilikuwepo tulipofungua. Halafu Prado Verde wameleta lori zima la mashine kwenye duka letu la upande wa pili wa mji."

Hakuna aliyefanya kazi ya bustani San Bonifacio asiyewajua Prado Verde, kampuni kubwa kuliko zote. Walikuwa na malori meupe, sare za kijani, na mwanasheria wao wenyewe.

"Lakini ruzuku ni ya sisi wadogo. Ndivyo walivyosema mkutanoni."

"Walisema hivyo. Sheria yenyewe inasema biashara yoyote ya bustani." Msichana alishusha sauti. "Mimi nauza tu hapa, mama. Piga ofisini kwao. Namba hii hapa."

Eulalia alipiga. Alisikilizishwa muziki wa gitaa kwa muda mrefu, mpaka mwanamume mwenye sauti tulivu akaja kwenye simu. Eulalia alimweleza yote. Mwanamume akamshukuru kwa kujali hewa ya bonde.

"Unaweza kuomba tena mwaka ujao wa fedha," alisema.

"Na mashine zangu?"

"Zipi?"

"Mlizotoboa!"

"Uharibifu wa mashine ni wa hiari, mama. Umekubali mwenyewe masharti."

"Nimekubali nipewe nyingine!"

"Uliomba uwe miongoni mwa wanaofikiriwa," alisema yule mwanamume kwa upole, na akamtakia siku njema na salama, abaki ndani ikiwezekana.

Nabor alikuwa bado amevaa ile mpya. Yesenia alimsaidia kuivua, ukanda baada ya ukanda, kama mtu anayemvua maiti koti.

"Basi turudishie zetu," alisema Nabor. "Hata na matundu yake."

"Siruhusiwi, baba. Zimeshakuwa mali ya mradi."

Walitoka. Nje, taa za barabarani zilikuwa zimewaka tena ingawa ilikuwa karibu saa sita mchana.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa Alameda, nyumba za wazee wastaafu, ua mkubwa kuliko yote waliyohudumia. Bila Alameda wateja wengine wasingetosha hata kodi ya nyumba. Msimamizi wake, Bwana Hollis, aliwapokea akiwa na barakoa nyeupe, mpya kabisa.

"Wenye jengo wanakuja kesho. Nataka njia zote zing'ae, na nyasi zisiwe na majivu. Mashine zako ziko wapi, Eulalia?"

"Zimepata hitilafu."

"Ah." Alitazama mikono mitupu ya Eulalia. "Unajua, Prado Verde waliniachia kadi yao. Sijawapigia bado. Wewe ni mtu wa hapa muda mrefu." Akatabasamu kwa macho, akarudi ndani kwenye kiyoyozi.

Wakashika fagio na reki. Mwanzoni kazi ilikwenda. Lakini majivu si majani. Ukiyafagia yanainuka, yanazunguka, yanatua nyuma yako ulipokwisha kupita. Eulalia alinyunyizia maji, yakawa tope la kijivu lililogandamana na saruji. Kila mara alipogeuka, njia ilikuwa imerudi vile vile. Kwenye madirisha, nyuso za wazee zilikuwa zikiwatazama, kama samaki kwenye tangi.

Halafu hakusikia tena fagio la Nabor.

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa njia, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Midomo yake ilikuwa na rangi mbaya. Eulalia alimwekea pampu ya kifua mdomoni, akaibonyeza, akasubiri, akaibonyeza tena.

"Twende hospitali."

Nabor akatikisa kichwa. "Watanilaza. Wewe utakosa Alameda." Alivuta hewa, ikaingia na mluzi. "Nenda kwa Crispín."

"Yule mwizi?"

"Mwizi ni aliyetutoboa. Huyu anaziba."

Akamwingiza kwenye pikapu, akapandisha vioo, wakaenda.

Crispín Barragán alikuwa na banda la mabati nyuma ya uwanja wa mnada, mahali watu walipouzia viatu vya mitumba na kuku. Eulalia alisimama mlangoni, akashindwa kusonga. Kulikuwa na mashine kila mahali: za nyasi, za kupuliza, za kupunguza ua, zimelundikwa mpaka darini. Kila moja ilikuwa na kibandiko cha njano. Na kwenye kila injini, pale keekee ilipopita, palikuwa na kidonda cha gundi ya chuma, ya kijivu, iliyokauka.

"Ingia, mama, hapa ni kwako," alisema Crispín, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. "Za nyasi hizo, za mgongoni kule. Chagua."

"Hizi zilitakiwa zisagwe."

"Zitasagwa, Mungu akipenda. Zinapita kwangu kupumzika njiani."

"Nani anakuletea?"

"Dereva wa chuma chakavu naye ana watoto." Alifuta mikono kwenye suruali. "Usinitazame hivyo. Unadhani wateja wangu ni nani? Wote wanatoka huko huko ulikotoka wewe, na uso huo huo. Asubuhi wanatobolewa, jioni wako hapa."

Eulalia alitafuta kwa macho mpini wenye utepe wa bluu, ingawa alijua haiwezekani ufike upesi hivyo. Haukuwepo.

"Zinafanya kazi?"

"Zinafanya. Zinavuja kidogo, zinatoa moshi zaidi ya zamani. Aliyepona jeraha huchechemea."

Alichagua ya mgongoni. Hakuwa na fedha, akatoa msumeno wa injini wa Remigio uliokuwa chini ya kiti. Crispín aliugeuza mkononi, akaulizia mnyororo wake, akakubali. Kutoka kwenye pikapu Nabor alitazama ule msumeno ukiingia bandani.

Waliporudi Alameda, mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya kutu. Eulalia alivaa mashine, akajifunga kitambaa puani, akavuta kamba. Ilishtuka kwa kishindo. Moshi wa bluu ulimwagika, mzito, wa oili inayoungua, ukamzunguka kichwa kabla ya kuchanganyika na ule wa milimani. Macho yalimchoma. Lakini majivu yakakimbia mbele yake, njia ikafunguka, nyeupe, safi. Alikwenda hivyo, jengo baada ya jengo, na madirisha yakafungwa moja moja alipopita.

Alikuwa amefika ua wa kati aliposhikwa bega. Alikuwa kijana mwenye koti la manjano, beji shingoni, na gari la ofisi ya hewa limesimama nyuma yake.

"Zima hiyo!"

Akazima. Ukimya ukaziba masikio.

"Naitwa Rentería, mkaguzi. Mama, leo ni siku nyekundu. Mashine ya petroli, siku kama ya leo? Wazee wa humu wamepiga simu, hawawezi kupumua."

"Hata mimi siwezi."

"Geuka nione namba." Akaipiga picha ile namba ya njano mgongoni mwake, akaanza kuandika faini kwenye simu. Akasimama. Akaandika upya.

"Inakataa," alisema.

"Nini kinakataa?"

"Mashine hii imeshaharibiwa. Iliharibiwa majira ya kuchipua. Imehesabiwa." Akasoma tena kwa sauti ya chini, kama anayesoma jina lake kwenye kaburi. "Moshi wake umeshaondolewa hewani. Mashine hii haipo, mama."

Eulalia alimtazama. Oili ilikuwa ikimdondokea kwenye kisigino cha buti.

"Kama haipo," alisema, "huu moshi unatoka wapi?"

Kijana aliitazama tena simu yake. Alikwenda kando, akapiga simu kwa mkubwa wake. Eulalia alisikia vipande: *ndiyo, namba yenyewe... hapana, inafanya kazi... najua kwamba taarifa imeshapelekwa... sawa... sawa, mkuu.* Aliporudi, alikuwa ameivua beji na kuitia mfukoni.

"Sikukuona leo," alisema.

"Na mashine?"

"Mashine gani?" Hakumtazama usoni. "Una barakoa nzuri kuliko hicho kitambaa?"

"Sina."

Akavua yake, akampa, akaondoka akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Gari la ofisi ya hewa lilitoka taratibu, taa zimewashwa.

Bwana Hollis alikuwa amesimama nyuma ya kioo cha ofisi. Alinyoosha kidole kuelekea ua wa kati, kisha akagonga saa yake ya mkononi. Huko nyuma, kwenye njia alizokwisha kusafisha, majivu yalikuwa yakitua upya, polepole, bila sauti.

Eulalia alikwenda kwenye pikapu. Nabor aliteremsha kioo kidogo. Pumzi yake ilisikika kabla ya sauti yake.

"Ivae wewe hii," Eulalia alisema, akipitisha barakoa kwenye upenyo.

"Umebakiza nini?"

"Ua wa kati. Na kule nyuma tena, kumejaa."

Nabor alivaa barakoa. Aliitazama mashine mgongoni mwa shemeji yake, gundi ile ya kijivu, oili inayodondoka.

"Rudi nyuma kidogo kabla hujaiwasha," alisema.

Alirudi nyuma mpaka kwenye nyasi. Nabor akapandisha kioo mpaka juu kabisa, akageuzia uso upande wa pili, na Eulalia akavuta kamba.